Manowari ya bomba tatu: kisa cha Königsberg kwenye delta ya Rufiji, 1914–1915

Kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya majini tu: meli ilijificha mtoni, Waingereza wakaitafuta, wakaiona, wakaipiga. Si uongo, ila ni nusu ya kisa. Ukikifuata hatua kwa hatua utaona kwamba meli hii ilipata pigo lake la kwanza nchi kavu, tena kutoka kwa Wajerumani wenyewe, kabla haijapigana na manowari yoyote. Utaona ilikufa kwa sababu ya ndege ya mbao na kitambaa iliyokuwa ikiruka juu ya mikoko. Na utaona kwamba mizinga yake ilifanya kazi kubwa zaidi baada ya meli yenyewe kuzama. Kwa anayetaka kuelewa namna vita vya nchi kavu, bahari na anga vilivyoingiliana kwenye Vita Kuu ya Kwanza, sijui kisa kingine cha pwani yetu kinachofundisha kuliko hiki.

Königsberg ilishushwa majini mwaka 1905. Ilikuwa na urefu wa mita 115, uzito wa tani zipatazo 3,400, na mizinga kumi ya milimita 105. Haikuwa kubwa kwa vipimo vya manowari za wakati ule, lakini ilikuwa na mbio: zaidi ya maili 23 za baharini kwa saa. Ilitia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff, na watu wa pwani wakaibatiza jina la manowari ya bomba tatu kwa sababu ya mabomba yake ya moshi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha bendera. Miezi miwili baadaye Ulaya ikawaka moto.

Looff hakusubiri vita vitangazwe. Tarehe 31 Julai aliondoka bandarini akijua kwamba kubaki ndani ni kujifungia. Nje alikutana na meli tatu za Kiingereza, Hyacinth, Astraea na Pegasus, ambazo amri yao ilikuwa kumfuata kama kivuli hadi habari za vita zije. Zilikuwa nzee na mwendo wao mdogo. Mvua ya ghafla ilipopiga Looff akageuza meli, akatia makaa tanurini, akawapotea. Tarehe 6 Agosti, mbele ya pwani ya Omani, akaikamata City of Winchester iliyokuwa imebeba chai, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kupotea katika vita hivyo.

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri kwake. Sasa angalia kilichotokea Dar es Salaam siku mbili tu baadaye.

Uamuzi wa tarehe 8 Agosti

Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakutaka vita ndani ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwa na sababu zake. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, kusini mwa nchi palikuwa bado majivu, na koloni lilikuwa limezungukwa na maadui pande karibu zote. Alitumaini kwamba miji ya pwani ikitangazwa kuwa wazi, isiyolindwa, itaachwa. Astraea ilipotokea mbele ya Dar es Salaam tarehe 8 Agosti kuushambulia mnara wa simu ya upepo, Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Meli yao ya upimaji, Möwe, nayo ikazamishwa na watu wake wenyewe.

Adui hakuingia, kweli. Lakini Königsberg nayo haikuweza kurudi tena. Manowari inayotumia makaa ya mawe ni mateka wa bandari yake: bila makaa, maji safi, karakana na mafundi, ina uhai wa wiki chache tu. Watawala wa nchi kavu walifanya uamuzi uliowafaa wao, na kwa saa chache wakaiondolea meli yao pekee ya maana bandari pekee yenye mafundi na vifaa vya kuihudumia. Wengi wakieleza kwa nini Königsberg ilishindwa huanzia Rufiji. Mimi naanzia hapa. Kilichofuata chote, pamoja na kule mikokoni, kilikuwa njia ya kuishi na matokeo ya siku hiyo.

Looff akazunguka Bahari ya Hindi akitafuta makaa. Mawindo hakuna, makaa yanakwisha. Mwanzoni mwa Septemba akaingiza meli kwenye delta ya Rufiji, akatia nanga Salale. Hakubahatisha. Möwe ilikuwa imepima milango ya delta ile kabla ya vita, na ramani mpya za kina cha maji alikuwa nazo Mjerumani peke yake. Kwenye ramani za Kiingereza delta haikuonekana mahali ambapo meli ya ukubwa ule inaweza kupita.

Anayeijua Rufiji ataelewa kwa nini pale. Mto unapokaribia bahari unagawanyika matawi mengi: Simba Uranga, Kikunja, Suninga, Kiomboni na mengine madogo. Maji yakijaa unapita. Yakipwa unabaki na matope na mizizi ya mikoko. Miti ni mirefu kiasi cha kuficha milingoti, na mwenye meli kubwa nje hana namna ya kuona ndani wala kuingia. Waingereza wangeweza kupita mbele ya mlango wa mto kila siku wasijue kitu.

Zanzibar, na chuma kilichovunjika

Katikati ya Septemba watazamaji wa pwani walileta habari kwamba manowari ya Kiingereza imetia nanga Zanzibar. Ilikuwa Pegasus, mitambo yake ikitengenezwa, haiwezi kusogea. Alfajiri ya tarehe 20 Looff alitokea, akaipita na kuipiga meli ndogo ya ulinzi Helmuth, akafungua mizinga kutoka umbali ambao makombora ya Pegasus hayakuweza kuufikia. Haikuchukua hata nusu saa. Waingereza 31 walikufa papo hapo na wengine wakafa baadaye kwa majeraha. Baadhi yao wamezikwa kwenye kisiwa kidogo mbele ya mji wa Zanzibar. Pegasus ilizama mchana huo.

Kama pigo la asubuhi moja, lilikuwa safi. Kama hatua ya vita virefu, nina mashaka nalo. Pegasus ilikuwa meli kuukuu ambayo haikumtishia Looff hata kidogo. Alichopata ni sifa, na alichowapa Waingereza ni uhakika kwamba yuko karibu, si mbali huko Omani wala India. London ikatuma Chatham, Dartmouth na Weymouth, meli mpya zenye mizinga mikubwa kuliko yake, chini ya nahodha Sidney Drury-Lowe, zikiwa na kazi moja tu: kumtafuta.

Halafu mtambo ukavunjika. Katika safari hiyo hiyo sehemu moja ya injini iliharibika vibaya, na Königsberg ikarudi Rufiji ikijikokota. Kwa meli yenye bandari, hiyo ni kazi ya karakana ya siku chache. Kwa Looff ilimaanisha kufungua vyuma vizito, kuvishusha kwenye mashua, na kuvikokota nchi kavu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 150, kwenye njia za mchanga na tope. Aliyevikokota hakuwa baharia wa Kijerumani. Walikuwa watu wa vijiji vya huko, kwa kamba na mabega, kwenda na kurudi. Vyuma vikatengenezwa, vikarudishwa, injini ikafanya kazi. Ni mojawapo ya mambo ya ajabu katika kisa hiki na kwa kawaida hupewa sentensi moja tu.

Lakini muda ulikuwa umepita. Tarehe 19 Oktoba Waingereza walipekua meli ya biashara Präsident iliyokuwa Lindi, wakakuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa yamepelekwa Salale. Mtunza hesabu mmoja mwangalifu, kwa maneno mengine, alifanya kile ambacho manowari tatu zilishindwa kukifanya kwa majuma. Tarehe 30 Oktoba watazamaji wakaiona milingoti juu ya mikoko.

Kuonekana si kupatikana

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na hapa ndipo wachambuzi wengi huenda mbio. Drury-Lowe alijua adui yuko wapi. Alikuwa na nguvu mara kadhaa zaidi. Na hakuweza kumfanya chochote. Chatham ilihitaji maji marefu kuliko delta ilivyokuwa nayo, hivyo ilipiga kutoka nje, kwa kukisia. Looff akasogea juu zaidi mtoni. Waingereza walifanikiwa kuichoma Somali, meli iliyokuwa imebeba makaa yake, na tarehe 10 Novemba wakaizamisha meli yao wenyewe, Newbridge, kwenye tawi la Suninga ili kumfungia njia. Matawi mengine yalibaki. Ikabidi milango ilindwe mchana na usiku.

Nchi kavu Wajerumani walikuwa wamejipanga. Kikosi cha delta, chini ya Werner Schönfeld, kiliwekwa kwenye kingo kikiwa na askari, mabaharia walioshushwa melini, mizinga midogo na bunduki za mtombo zilizofichwa mikokoni. Waya za simu zilivutwa kati ya vituo vya kuangalizia na meli. Mashua iliyojaribu kuingia ilipigwa risasi kutoka pande mbili na watu wasioonekana. Kuiteka delta kwa kushusha jeshi kungehitaji askari wengi, na mwezi huo huo wa Novemba, Tanga, jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 lilikuwa limeshindwa na askari wapatao elfu moja wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani la koloni. Baada ya Tanga hakuna aliyetaka tena kusikia habari za kushusha watu kwenye pwani yenye matope.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikwama. Nani aliyefaidika na kukwama huko? Kwa maoni yangu, kwa miezi minane ile ni Looff. Meli yake isiyotoka ilizuia manowari ambazo zingefanya kazi mahali pengine. Manowari wenzake wa Kijerumani waliokuwa bahari za mbali walikwisha: Emden iliangamizwa Novemba 1914, Dresden Machi 1915. Königsberg ikabaki ndiyo pekee, na hofu kwamba siku moja itatoka na kuangukia misafara ya askari wa India iliwafunga Waingereza kwenye mlango wa Rufiji kama walivyomfunga yeye. Hata meli kuu ya vita Goliath ililetwa kwa muda. Gharama ya Looff ilikuwa malaria, chakula kibovu, na mabaharia wanaopungua mmoja mmoja kwa maradhi au kwa kuitwa na jeshi la nchi kavu.

Jaribio moja kubwa la kumwokoa lilifanyika. Ujerumani ilituma meli ya shehena, Rubens, ikijifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ikiwa na makaa ya Königsberg pamoja na bunduki na risasi kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Aprili 1915 ilifika pwani ya kaskazini, ikafukuzwa na Hyacinth hadi ghuba ya Manza karibu na Tanga. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliifikisha kwenye maji mafupi, ikapigwa mizinga na kuungua. Waingereza walidhani imekwisha, wakaondoka. Wajerumani wakaja na wapiga mbizi, wakatoa sehemu kubwa ya shehena ya silaha. Makaa hayakumfikia Looff, na bila makaa hayo safari ya kurudi Ulaya ilikuwa ndoto. Jeshi la nchi kavu, kwa upande wake, lilipata risasi za kupigania muda mrefu. Kwa mara ya pili nchi kavu ilineemeka kwa hasara ya meli.

Anga

Fikra ya kutumia ndege ilikuja mapema, Novemba 1914, na ilianza kwa namna ya kuchekesha. Waingereza walimkodi rubani wa kiraia, H. D. Cutler, aliyekuwa Durban na boti yake ya kuruka aina ya Curtiss. Ililetwa hadi kisiwa cha Nyororo, nje ya delta. Mtambo ulichemka, mbao zilivuja, vipuri havikupatikana, lakini Cutler aliruka na akaiona meli. Tarehe 10 Desemba mtambo ukafa hewani, akatua mtoni, akakamatwa.

Zikaja ndege mbili za majini aina ya Sopwith Februari 1915. Hizi zilishindwa na kitu ambacho watengenezaji wa Uingereza hawakukifikiria: joto na unyevu. Gundi iliachia, mpira uliyeyuka, mbawa zilipinda. Hazikuweza kupanda juu zikiwa na mtu wa pili, achilia mbali mabomu. Aprili zikaja za aina ya Short, zikapiga picha na kuthibitisha meli iko wapi na iko hai, ila zilikuwa nzito kupanda kiasi cha kupigwa kwa bunduki kutoka chini. Mwezi Juni ndipo zikafika ndege za kurukia nchi kavu, aina ya Henri Farman na Caudron. Kiwanja chao kilikuwa Mafia. Kisiwa hicho kilikuwa kimetekwa Januari na kikosi cha askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na Wahindi, operesheni ndogo ya nchi kavu ambayo vitabu vingi huitaja kwa mstari mmoja. Bila Mafia hakuna kiwanja, na bila kiwanja hakuna kilichofuata.

Sambamba na hilo mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, P. J. Pretorius, aliyeijua Rufiji kwa miaka, alipelekwa kwa siri kuzunguka delta, kuhakikisha meli ilipo na kupima kina cha njia zinazoingia. Kazi hiyo aliifanya usiku, kwenye mitumbwi, kwa msaada wa wenyeji.

Silaha yenyewe ilitoka mbali. Brazili ilikuwa imeagiza Uingereza manowari bapa tatu za kulinda mito. Vita vilipoanza Uingereza ilizinunua, na mbili kati yake, Severn na Mersey, zikakokotwa kwa kamba kutoka Malta hadi Mafia, zikafika Juni 1915. Baharini zilikuwa hatari kwa mabaharia wake wenyewe, lakini zilielea kwenye maji yasiyofika mita mbili, na kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya milimita 152. Kwa delta ya Rufiji hakuna meli iliyofaa zaidi.

Siku ya kwanza: macho mamoja, mizinga ya wawili

Alfajiri ya tarehe 6 Julai Severn na Mersey ziliingia kwenye mlango wa Kikunja huku zikipigwa kutoka kingo zote mbili. Ndege moja iliruka kuiangushia Königsberg mabomu ili kuwashughulisha. Zikatia nanga kilomita zipatazo kumi kutoka kwa adui ambaye hawakumwona hata kidogo, zikaanza kupiga. Ndege ya pili ilizunguka juu ikiwaambia kwa mapigo ya simu ya upepo kila kombora limeangukia wapi: mbele, nyuma, kushoto, kulia.

Königsberg ilijibu, na ilijibu vizuri zaidi. Mizinga yake iliongozwa na watazamaji waliokuwa kwenye kingo na simu zao, wakiona kila kombora lilipoangukia. Kombora moja liliupiga mzinga wa mbele wa Mersey. Mabaharia sita walikufa na mzinga ukanyamaza. Baadaye watu wa Severn waliona jukwaa la watazamaji juu ya mti karibu na ukingo, wakalipiga, na mara shabaha ya Mjerumani ikapungua. Hadi alasiri manowari bapa zilikuwa zimefyatua makombora zaidi ya 600. Yaliyompata ni machache. Zikatoka nje.

Kwa nini ilishindikana? Si kwa sababu ya mizinga, wala makombora hayakuwa machache. Tatizo lilikuwa la kusikilizana. Meli mbili zilikuwa zikipiga shabaha moja kwa wakati mmoja, na mtazamaji mmoja angani aliona makombora yakianguka bila kujua lipi ni la nani. Akisema "umezidisha", Severn inapunguza na Mersey nayo inapunguza, ijapokuwa kosa lilikuwa la mmoja tu. Aliyekuwa karibu na shabaha aliondolewa kwenye shabaha kwa marekebisho yasiyo yake. Isitoshe ndege zilibadilishana, kila mtazamaji akianza upya, na palikuwa na vipindi ambavyo hapakuwa na ndege kabisa. Mtu anaweza kufyatua makombora elfu namna hiyo.

Linganisha na upande wa pili: mtazamaji amesimama, hahami, simu ya waya haikatiki, na anayempigia ni mmoja. Asubuhi ile Wajerumani walikuwa na mfumo duni wa vifaa lakini bora wa mawasiliano, na damu ilimwagika kwenye Mersey kulingana na hilo.

Siku ya pili

Nahodha Eric Fullerton wa Severn alikuwa na siku tano. Mengi yalitengenezwa katika siku hizo, lakini lililoamua ni moja: safari hii meli moja itapiga, nyingine itanyamaza. Zikipokezana, mtazamaji atajua kila tone la maji linaloruka ni la nani.

Tarehe 11 Julai waliingia karibu na saa sita mchana. Severn ikatia nanga karibu zaidi kuliko mara ya kwanza, Königsberg ikaanza kuizunguka na makombora. Juu, kwenye Henri Farman, walikuwa rubani John Cull na mtazamaji wake H. J. Arnold. Severn ikapiga. Arnold akarekebisha. Ikapiga tena, akarekebisha tena, na baada ya dakika chache tu akatuma ishara ya kwamba limempata. Yakafuata mengine, moja baada ya jingine.

Ndege ikapigwa. Kombora la Königsberg liliuharibu mtambo, Cull akaanza kuteremka bila injini kuelekea mtoni. Hapo Arnold alituma ujumbe kwamba wamepigwa, boti iletwe. Kisha, wakiwa bado hewani na wanashuka, akaendelea na kazi: akaieleza Severn kwamba makombora yote yanampata Mjerumani sehemu ya mbele. Wapigaji wakasogeza mizinga, makombora yakahamia katikati, penye mitambo. Ndege ikagonga maji karibu na Mersey, ikapinduka. Cull alinaswa ndani kwa muda, Arnold akarudi kumsaidia, boti ikawachukua wote wawili wakiwa hai.

Marekebisho yale ya mwisho ndiyo yaliyomaliza kazi. Mizinga ya Königsberg ilinyamaza mmoja mmoja, moto ukashika, mlipuko mkubwa ukasikika. Mersey ikaingia zamu yake na kupiga kwa karibu, ikiongozwa na ndege ya pili. Looff mwenyewe alijeruhiwa. Watu wake 19 waliuawa siku hiyo na kumi kadhaa walijeruhiwa. Aliamuru vifungio vya mizinga, yaani vyuma vinavyoziba mzinga kwa nyuma ili uweze kupiga, vitupwe majini, na meli ilipuliwe kwa kichwa cha kombora la majini. Ikainama kidogo ubavuni, ikazama mtoni.

Waingereza walitangaza kazi imekwisha. Kwa upande wa bahari, ndiyo.

Baada ya kuzama

Maji pale hayakuwa marefu. Sehemu za juu za meli zilibaki wazi, na Waingereza, waliofurahi kuondoka kwenye delta ile, hawakurudi kuhakikisha wameacha nini. Ni kosa lile lile la Manza miezi mitatu nyuma, na sielewi ni kwa nini halikuwashtua. Wajerumani walipiga mbizi wakatoa vifungio vya mizinga, kisha wakaing'oa mizinga yote kumi pamoja na makombora yaliyobaki, wakaipeleka Dar es Salaam. Mafundi wa huko wakaitengenezea magurudumu.

Koloni ambalo lilikuwa na mizinga michache ya kizamani likajikuta na mizinga kumi ya kisasa, yenye uwezo wa kufika mbali kuliko karibu chochote ambacho Waingereza walikuwa nacho nchi kavu wakati huo. Mabaharia walioijua wakawa wapiga mizinga wa Lettow-Vorbeck. Mmoja ulikuwa Kahe Machi 1916, ukalipuliwa na Wajerumani wenyewe walipolazimika kurudi nyuma. Kondoa Irangi, Mei 1916, mizinga ya Königsberg iliwatesa askari wa jenerali Jacob van Deventer, wa upande wa Waingereza, waliozingirwa mjini. Mwingine ulipelekwa kwa reli hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Goetzen, ukawa silaha kubwa kuliko zote Ziwa Tanganyika. Goetzen ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa baada ya vita, na ndiyo Liemba inayojulikana hadi leo.

Reli ilipokwisha, mizinga ilikokotwa. Mmoja ulihitaji mamia ya watu kwenye kamba, kupandisha milima, kuvuka mito, wakati wa masika. Magari yalikuwa machache na wanyama walikufa kwa mbung'o, hivyo jibu la kila swali la usafiri, kwa Wajerumani na kwa Waingereza, lilikuwa wapagazi. Waingereza peke yao wanahesabiwa kupoteza makumi ya maelfu ya wapagazi katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mizinga ya Königsberg ina sehemu yake katika hesabu hiyo. Medali za Rufiji walipewa marubani na manahodha. Majina ya walioikokota hayakuandikwa popote ambapo mtu anaweza kwenda kuyasoma.

Waingereza nao walifanya vivyo hivyo: mizinga ya Pegasus iliibuliwa Zanzibar na kutumika nchi kavu. Mzinga wa Königsberg na wa Pegasus ipo pamoja Fort Jesus, Mombasa, na mwingine wa Königsberg uko Pretoria.

Sasa hesabu ya kisa. Ukiuliza nani alishinda Rufiji, jibu la vitabu ni Fullerton, na sina ugomvi nalo. Ukiuliza nani alipata faida kubwa zaidi kutokana na manowari ile, jibu ni Lettow-Vorbeck, ambaye hakuwahi kuiamuru. Looff alikuwa na meli isiyo na bandari, na kila alichojaribu, kuanzia Zanzibar hadi siku ya mwisho, kilikuwa cha mtu ambaye mlango wake umefungwa nyuma yake. Bado nadhani alikosea jambo moja aliloweza kuliepuka: kama lengo lilikuwa kuwafunga Waingereza, mizinga kadhaa na watu wengi zaidi wangehamishwa nchi kavu mapema, kabla ya Julai, kwani meli isiyo na makaa ilihitaji tu kuonekana ipo. Alisubiri mpaka Severn imfanyie uamuzi huo. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917 mizinga ile haikuwa naye tena, yote ilikuwa imetekwa au kulipuliwa njiani, lakini ilikuwa imepigana nchi kavu zaidi ya miaka miwili. Baharini, tangu Julai 1914, ilikuwa imepigana asubuhi moja ya Zanzibar na siku mbili za Rufiji.